Mwanafunzi Aliyeitwa Daktari Mapema

Nyumbani kwetu Nyamwaga, siku huanza na ng'ombe na huisha na ng'ombe. Kabla sijanawa uso, Baba ananiuliza, "Kezia, umeangalia yule ndama amelalaje?" Mimi nimelalaje, haniulizi mtu. Nafagia zizi, nabeba samadi hadi kwenye migomba, nampelekea Bibi uji wake wa wimbi, ndipo navaa sare na kukimbia shuleni. Niko darasa la saba. Mwalimu wa zamu ukimwambia ulikuwa unafagia zizi, anakuambia zizi halitakufanyia mtihani.

Hayo nilikuwa nimeyazoea. Kilichonichosha kabisa ni simu. Baba yangu, Mzee Marwa, anayo simu ya kitochi, anatembea nayo mfukoni mchana kutwa, lakini kubonyeza namba hataki. Anasema vidole vyake vimezoea jembe. Kwa hiyo mpiga simu wa nyumba ile ni mimi, na tangu kaka yangu Kisyeri aanze chuo cha mifugo kule mjini Tarime, nilikuwa napiga namba moja tu.

"Kezia! Mpigie daktari! Huyu ng'ombe hali vizuri."

Daktari! Kisyeri alikuwa mwaka wa kwanza. Alikuwa hajamaliza hata kuzoea bweni, Baba akawa ameshatangaza mnadani kwamba nyumbani kwake kuna daktari wa mifugo. Afisa mifugo wa kata alikuwepo, Bi Beatrice, tena na pikipiki yake, lakini Baba alikuwa hamtaki tena. "Kwa nini nimlipe mtu wa nje wakati daktari nimemzaa mwenyewe?" alisema. Majirani nao wakaona ni neno la maana. Mbuzi akichechemea, wanakuja kwetu. Kuku akisinzia, wanakuja kwetu. Na mimi napiga simu.

Kisyeri naye alikuwa anakuja. Hilo ndilo lililonikera kuliko yote. Anaitwa, anakuja, kama vile hana kazi nyingine duniani.

Nakumbuka Jumatano moja ng'ombe alikohoa. Kukohoa tu, jamani! Saa nane mchana Kisyeri akashuka kwenye hiace, amejaa vumbi la barabara mpaka kwenye nyusi. Jirani yetu Ezra alikuwa ameshafika na mbuzi wake. "Daktari amefika!" akapiga kelele. Kisyeri akavaa koti jeupe la chuo, akalizunguka zizi akiwa amefunga mikono nyuma, akamshika ng'ombe masikio, akakunja uso. Kisha akasema anaenda kujisaidia. Nikamfuata. Nilimkuta nyuma ya ghala la mahindi, anapekua simu yake haraka haraka.

"Unatafuta nini?" nikamuuliza.

"Nyamaza wewe!"

Aliporudi alisema kwa sauti nzito, "Apewe maji ya kutosha, na asipelekwe malisho ya mbali." Kesho yake ng'ombe akaacha kukohoa. Angeacha hata bila maji, ni vumbi tu lilimpalia. Lakini sifa za daktari zilipanda hadi kijiji cha Nyangoto.

Jioni ile nikamsindikiza barabarani. "Kaka, leo ni Jumatano. Ninyi hamna vipindi?"

"Niliomba ruhusa."

"Ukasema nini?"

Aligeuza uso. "Kezia, shughulika na shule yako."

Nikajua hapa kuna jambo. Ila nani atanisikiliza mimi?

Baadaye ikaanza kuingia simu ya namba tusiyoijua. Mara ya kwanza nilipokea, nikamwambia Baba kwamba ni mtu wa chuoni. "Kata!" akasema. "Hao wakipiga ni michango tu." Ikapigwa tena, akaikata mwenyewe. Kukata alijua! Ikapigwa tena na tena, hadi siku moja Baba alipoisahau nyumbani akaenda kunywesha ng'ombe, nami nikapokea.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Naitwa Dorka Opondo. Mimi ni mshauri wa masomo chuoni kwa Kisyeri. Naongea na nani?"

"Kezia, mdogo wake."

"Baba yupo?"

"Yuko na ng'ombe."

"Mwanangu, kila nikipiga simu inakatwa, na leo baba yuko na ng'ombe." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Basi sikiliza, umfikishie neno. Kisyeri amekosa vipindi vingi mno. Kamati ya taaluma inakaa baada ya wiki mbili. Wakimkuta alivyo sasa, hataruhusiwa kufanya mtihani, na mwaka wa kwanza ukikosa mtihani unafungasha mizigo. Nimeongea na Kisyeri, haniambii kitu kinachoeleweka. Naomba mzazi afike Jumatatu. Tafadhali."

Kaka yangu afukuzwe chuo! Yule tuliyeuza madume mawili ili akasome! Baba aliporudi nikamweleza yote, nikitegemea angeshtuka. Wapi! Alitabasamu.

"Mshauri? Kumbe huko chuoni nao wana baraza la wazee. Vizuri sana. Tutaenda, tutaongea naye, atawaambia hao walimu wampe kijana maksi zake, shauri litaisha."

Kwetu jambo likipelekwa kwa wazee, wazee wanakaa, wanasikiliza, wanatoa neno. Likitoka, limetoka. Baba alidhani mshauri wa masomo ni hivyo hivyo. Na kwa kuwa shauri la nyumba haliendi mbele za watu bila mkubwa wa nyumba, akasema lazima Bibi Teresia, mama yake, aende. Bibi anasema Kikurya tu. Kwa hiyo atahitaji mkalimani, na mkalimani ni nani? Ni Kezia! Mmoja amekosa masomo, sasa na mwingine akose ili waende kumtetea yule wa kwanza. Niliikatakata mboga jioni ile kwa hasira mpaka Mama akaninyang'anya kisu.

Jumatatu tulifika chuoni asubuhi. Kisyeri alikuwa anatungoja nje ya ofisi, amechomekea shati. Alipomwona Bibi anakuja na fimbo yake, akabadilika uso.

"Kwa nini mmemleta Bibi?" akaninong'oneza.

"Kwa nini asije? Ni mkubwa wa nyumba."

"Mungu wangu," akasema, akaegemea ukuta.

Ofisi ilikuwa ndogo, ina dirisha linalotazama banda la mbuzi wa mafunzo. Madam Dorka alikuwa mama wa makamo, amevaa miwani, Mjaluo wa upande wa Shirati. Kikurya alikuwa anajua salamu tu, akamsalimia Bibi nayo, Bibi akafurahi. Akatupa viti. Kisha akamgeukia Baba.

"Karibu sana, Baba Kisyeri. Nimekutafuta hadi nimekaribia kukata tamaa. Na huyu mama mzee ni nani wenu?"

"Huyu ni mama yangu mzazi," Baba akasema kwa heshima. "Ndiye aliyenizaa, na ndiye aliyemlea huyu kijana."

Kalamu ya Madam Dorka ikasimama. "Mama yako mzazi? Yaani, samahani, una mama wawili?"

"Mama ni mmoja tu, huyu hapa."

Madam Dorka alimtazama Kisyeri. Kisyeri alitazama sakafu. Nje mbuzi walikuwa wanalia.

"Basi leo nina shida," Madam Dorka akasema polepole. "Kisyeri aliniletea taarifa mwezi uliopita kwamba bibi mzaa baba amefariki. Nikamwombea ruhusa kwa walimu wake. Darasa zima lilisimama kimya kwa ajili ya huyu mama."

Bibi akanigusa kwa fimbo. "Anasema nini?"

Jamani! Hivi mtu anatafsiri vipi jambo kama hilo? Nilitamani ardhi inimeze. Nikamtazama Baba, Baba ametoa macho. Nikamtazama Kisyeri, amefunika uso. Bibi akanigusa tena, safari hii kwa nguvu. Basi nikamwambia kama lilivyo, kwamba yeye alikufa mwezi uliopita.

Bibi akashika fimbo yake kwa mikono miwili. Kisha akasema maneno machache.

"Anasemaje?" Madam Dorka akauliza.

"Bibi anauliza," nikasema, "kwenye msiba wake walichinja ng'ombe yupi."

Madam Dorka akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Sijui kama alikuwa anacheka au anasikitika. Baba hakucheka. Alisimama. "Wewe mura, kijana mzima! Umemzika mama yangu akiwa hai?" Kwetu kumtangaza mtu mzima kwamba amekufa si mzaha, ni kumwitia mabaya. Nilidhani ofisi ile itabomoka.

"Mzee, naomba ukae," Madam Dorka akasema. Hakupandisha sauti. "Kosa ni kubwa, na atalijibu. Ila sisi hapa tuna wiki moja tu ya kumwokoa. Nataka kujua mtu anafikaje mahali pa kumzika bibi yake."

Baba akakaa, akihema. "Hilo la mama nitalimaliza nyumbani. Wewe ndiye mshauri. Waite hao walimu uwaambie wampe maksi afanye mtihani. Toa neno, tuondoke."

"Mimi sitoi maksi, mzee."

"Basi futa huo utoro."

"Siwezi kuufuta. Umetokea."

"Huna maksi, huna fimbo, sasa una nini?" Baba akauliza. Nilimwonea aibu, lakini kusema kweli na mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo. Kumbe tumefunga safari yote kuja kuongea na mtu asiyeweza kitu!

Madam Dorka hakukasirika. Nadhani alishaulizwa hivyo mara nyingi. "Kazi yangu ni kumfuata mwanafunzi anapoanza kuteleza, kabla hajaanguka," akasema. "Naangalia nani haonekani darasani. Nawauliza walimu wake, namwita mwenyewe, namuuliza kulikoni. Wako waliochagua kozi isiyowafaa, hao nawaonyesha nyingine. Wako wanaougua, wako wasiojua kusoma kwa mpangilio. Kila mmoja ana njia yake, na kanuni za chuo nazijua, naweza kumwambia mlango upi bado uko wazi. Lakini mzee, siwezi kumsaidia mtu ambaye sijui shida yake. Huyu kila nikimuuliza, ananipa msiba."

Kisha akamgeukia kaka. "Kisyeri, kwa nini unakosa vipindi?"

"Ni uvivu," Baba akajibu.

"Nimemuuliza Kisyeri, mzee."

"Mimi ndiye baba yake."

"Najua. Kisyeri, kozi hii unaipenda?"

"Anaipenda sana," akasema Baba.

"Kuna kitu kinakusumbua?"

"Kitu gani kimsumbue? Anakula, anavaa, ana ada!"

Kisyeri alikuwa anahesabu vigae vya sakafu. Kwetu mkubwa akiwa anaongea, kijana anafunga mdomo, na yeye alikuwa ameufunga kwelikweli. Madam Dorka akabana midomo. Bibi ananivuta nguo, "Wanasema nini? Wanasema nini?" Na wiki ijayo kamati inakaa! Huyu haongei, huyu hanyamazi, na kaka yangu anafukuzwa hivi hivi tunaona! Nikashindwa kuvumilia.

"Ni ng'ombe!" nikapiga kelele. "Ni ng'ombe, Madam! Ng'ombe akikohoa Baba anasema mpigie daktari, mimi ndiye napiga! Mbuzi wa Ezra akichechemea, napiga! Napiga Jumatatu, napiga Jumatano, na Kisyeri anakuja kila akiitwa! Sasa atahudhuria vipindi saa ngapi?"

Baba alinitazama kwa jicho ambalo silisahau hadi leo. Mtoto wa kike, wa darasa la saba, mbele ya mgeni! Nilijua nyumbani kuna kazi. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na kwa kuwa mimi ni mkalimani, nikayarudia yote kwa Kikurya ili Bibi naye asikie.

"Asante, Kezia," Madam Dorka akasema. "Sasa nyamaza. Nataka nisikie kwa mwenyewe." Akamgeukia Baba. "Mzee, nimekusikiliza bila kukukatiza neno. Naomba na kijana wako asikilizwe hivyo hivyo. Akimaliza, utasema wewe."

Baba akakubali kwa kichwa, shingo upande. Kisyeri akajisogeza mbele kwenye kiti.

"Baba akiita, siwezi kukataa," akaanza. Sauti ilikuwa ndogo. "Na hapa siwezi kusema naenda kutibu ng'ombe, maana mwanafunzi haruhusiwi kutibu kabla hajahitimu. Ndiyo nikasema msiba. Nilianza na bibi mzaa mama, yeye alishafariki zamani, nikaona si uongo mkubwa. Halafu nikaishiwa."

"Na nyumbani, kwa nini hukuwaambia kwamba una vipindi?"

"Ningewaambiaje? Kijiji kizima wananiita daktari. Nikishuka tu kwenye gari wameshanipangia mbuzi." Hapo akainua uso, akamtazama Baba, na machozi yakaanza kumtoka. "Baba, mimi sijui kutibu ng'ombe. Sijui. Vipindi nilivyokosa ndivyo vya magonjwa ya ng'ombe."

Nikamtafsiria Bibi taratibu, neno kwa neno. Bibi akasikiliza hadi mwisho, akamtazama mwanawe, akasema jambo moja tu.

"Bibi anasema," nikamwambia Madam Dorka, "mmekuwa mnamkamua mtamba."

Madam Dorka hakuelewa mara moja, ikabidi nimweleze kwamba mtamba ni ng'ombe jike ambaye hajazaa. Ukimkamua hupati maziwa, na ukiendelea kumkamua unamuumiza. Akaitikia kwa kichwa. Baba, ambaye ng'ombe anawajua kuliko mtu yeyote pale, hakuhitaji kuelezwa. Alikaa ameshika magoti.

Kisha kazi ikaanza, na hapo ndipo nilipoona kumbe kuna kitu anafanya. Madam Dorka alimwambia Kisyeri aandike barua kwa kamati kwa mkono wake, aseme ukweli wote, pamoja na ule wa Bibi. "Nitakaa pembeni yako mbele ya kamati, lakini sitasema kwa niaba yako," akamwambia. Yeye angezungumza na walimu waone kama atafidia mafunzo ya vitendo siku za Jumamosi. Angemtafutia kundi la kusoma nalo. Hakumwahidi kwamba kamati itakubali. "Wanaweza kukataa," akasema, "na wakikataa nitakuambia hatua inayofuata."

"Na wewe, mzee," akamgeukia Baba, "nakuomba jambo moja. Siku za vipindi, usimwite. Ng'ombe akiugua, afisa mifugo wa kata yupo."

"Huyo anataka kulipwa."

"Na kijana akifukuzwa, yale madume uliyouza yatarudi zizini?"

Baba akasimama. Mlangoni akageuka. "Kwa hiyo neno hutoi?"

"Neno ni lenu, mzee. Mimi nimewaonyesha njia zilizobaki."

Safari nzima ya kurudi Baba alikuwa ananung'unika. "Mshauri gani asiyeamua! Mshauri gani!" Mimi nilikaa mbali naye. Bibi alikuwa anacheka peke yake, nadhani alikuwa anawaza ule msiba.

Kamati ilikaa. Kisyeri alipewa onyo kali la mwisho kwa sababu ya uongo, na nafasi moja: afidie mafunzo yote aliyokosa, kisha afanye jaribio la vitendo mbele ya walimu. Akilikosa au akishindwa, ndio basi, hakuna mtihani. Alinitumia ujumbe akisema analala na daftari kifuani. Wiki zile nyumbani zilikuwa ngumu. Majirani walikuja, Baba akawaambia daktari ana shughuli, wakanuna. Ezra akasema tumeanza kuringa. Baba akawa ananikaripia mimi kwa kila kitu, uji wa moto, uji wa baridi. Nami nilikuwa sina hamu na mtu.

Halafu, siku moja kabla ya jaribio, mtamba wetu mwekundu akagoma kula.

Huyu hakuwa ng'ombe hivi hivi. Alikuja kwa mahari ya shangazi, na Baba alikuwa anampenda kupita kiasi. Mchana alisimama peke yake, masikio yamelala. Jioni akawa anahema kwa shida, na chini ya sikio pamevimba. Safari hii halikuwa vumbi. Hata mimi niliona.

"Kezia!" Baba akaita. "Lete simu. Mpigie Kisyeri."

Nikaishika simu. Sikuipiga.

"Husikii?"

"Nasikia, Baba. Kesho asubuhi ana jaribio."

"Najua! Huoni ng'ombe anakufa? Piga!"

Kwetu mtoto hamwambii baba yake hapana. Lakini nilikuwa nimechoka, jamani, nimechoka. "Baba, nikimpigia atakuja," nikasema. "Hiyo ndiyo shida yake, ukimwita anakuja. Atakuja, atamzunguka huyu mtamba, atasema apewe maji. Na mtamba atakufa, na chuo atafukuzwa. Tutakosa vyote viwili."

Nikanyoosha mkono kumpa simu, kama anataka apige mwenyewe. Baba akaichukua. Akaitazama. Akamtazama mtamba, anahema. Bibi alikuwa amekaa mlangoni kwake anatuangalia. Sijawahi kumwona Baba amesimama muda mrefu vile bila kujua la kufanya.

"Afisa mifugo anakaa upande gani siku hizi?" akauliza mwishowe.

"Pale nyuma ya ofisi ya kata."

Akaondoka kwa miguu, mbio mbio, bila hata koti. Alirudi amepakiwa kwenye pikipiki ya Bi Beatrice, ameshika sanduku la dawa mapajani. Bi Beatrice akampima mtamba joto, akapapasa ule uvimbe, akasikiliza kifua. "Ndigana kali," akasema. "Ni ugonjwa wa kupe huu. Mzee, mngengoja hadi kesho mchana mngebaki na ngozi." Akamchoma sindano, akaeleza dozi inayofuata, akamkumbusha Baba kwamba ng'ombe wote waogeshwe. Baba alimlipa palepale, na hakunung'unika.

Asubuhi mtamba alikuwa bado amelala, lakini anapumua vizuri. Siku ya tatu akala majani. Kisyeri hakujua lolote. Alifanya jaribio lake, akapita, akaruhusiwa kufanya mtihani.

Matokeo yalipotoka, Madam Dorka alipiga, na safari hii Baba mwenyewe ndiye aliyesema, "Pokea, pokea haraka!" Nikaweka sauti kubwa. Kisyeri alikuwa amefaulu, isipokuwa somo moja alilotakiwa kurudia. Angeendelea na mwaka wa pili.

"Asante sana mama kwa kumfaulisha," Baba akasema akiinama kwenye simu.

"Mimi sikufanya mtihani, mzee," Madam Dorka akajibu. "Aliufanya yeye, kwa sababu mlimwacha akasome. Huo ndio ushauri wenyewe. Nawashukuru."

Mwaka wa pili ulipoanza, Ezra alikuja jioni moja, anamburuta mbuzi kwa kamba. Alikuwa bado amenuna. "Marwa, huyu hali tangu juzi. Mwambie Kezia ampigie daktari."

Nikamtazama Baba. Alikuwa anafunga lango la zizi, hakugeuka hadi alipomaliza.

"Ezra, hapa hakuna daktari," akasema. "Hapa kuna mwanafunzi, na leo yuko darasani. Mimi nilimwita daktari kabla hajawa, na kidogo nimkose daktari na mtoto pia. Mtoto akienda kusoma, mwache asome. Akijua, atakuja kukutibia mbuzi hadi utachoka. Na kama jambo lina mwenyewe anayelijua, nenda kwa mwenyewe, usimlazimishe mtoto wako adanganye ili wewe upate sifa."

"Kwa hiyo mbuzi wangu afe?"

"Afe kwa nini? Lete hiyo kamba." Baba akamshika mbuzi, akashika njia kuelekea ofisi ya kata. "Twende kwa Bi Beatrice, nikusindikize."